Kitako cha .458 kimepasuka nyuma ya mkia wa risiva, nipige bedi ya epoksi au nibadili mbao kabisa?

Mwana_Itigi

Mbukwa wakuu, poleni na majukumu. Naomba msaada kwa wanaojua vitako vya bunduki kubwa. Mimi ni mwindaji bingwa, kazi zangu nyingi ni upande wa Rungwa na Muhesi huku Manyoni, msimu unafunguliwa tarehe 1 Julai na bunduki ninayoitegemea kwa nyati ni .458 Win Mag, bolti ya mtindo wa Mauser, kitako cha walnati kile kile ilichotoka nacho kiwandani. Nilinunua kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi hii, umiliki ulishahamishwa na leseni iko sawa.

Sasa nimeifungua kuisafisha baada ya masika nikakuta ufa mwembamba sana unaanzia pale risiva (ule mwili wa chuma unaobeba bolti na mtutu) inapoishia nyuma, kwenye ule mkia, unashuka kuelekea shingoni mkono unaposhika. Alafu ndani kuna ufa mwingine kwenye kile kiukuta chembamba cha mbao kati ya tundu la magazini na tundu la triga. Na kuna kitu nilikuwa nakiona muda mrefu, skrubu ya mbele inalegea yenyewe, nikipiga risasi chache tu nikiweka bisibisi inazunguka. Shabaha nayo mita 50 inatawanyika upana wa kiganja, na bunduki hii zamani haikuwa hivyo, mzee aliyeniuzia alikuwa anaisifia sana na nilimwona mwenyewe akipiga nayo.

Maswali yangu: mbao imekufa au bado ina maisha? Nipige bedi ya epoksi (gundi ngumu kati ya chuma na mbao ili risiva ikae sawasawa) au nitafute kitako kipya cha mninga? Na kama ni epoksi, ni ipi, maana dukani kuna za kila aina. Ukiwa mbele ya nyati aliyejeruhiwa hiki kitu lazima ukiamini asilimia mia, siwezi kuingia porini na mgeni huku nina wasiwasi na bunduki.

SeremalaKizota

Pole mkuu. Mimi ni seremala hapa Dom, bunduki sizijui ila mbao naijua vizuri. Walnati ikitengenezwa huko Ulaya inakuwa na unyevu wa huko. Ikifika kwetu, kuanzia Mei mpaka Novemba hamna mvua ya maana, upepo mkavu unavuma mchana kutwa, mbao inatoa maji inasinyaa. Na mbao haisinyai kwa urefu wake, inasinyaa kwa upana na kwa unene, kwahiyo kama skrubu zako zinapita juu kwenda chini zinabana unene wa mbao, unene ukipungua kidogo tu skrubu inabaki inaelea. Ndo maana unaikaza leo kesho imelegea, wala usimlaumu aliyekaza.

Mimi ningeenda kwenye mninga. Mninga unasinyaa kidogo sana ukilinganisha na mbao nyingi, ukishakauka umetulia, na huko huko Manyoni na Tabora unapatikana mzuri tu, hakikisha una vibali na risiti ya maliasili. Tafuta ubao uliokaa ghalani muda mrefu, nyuzi zake zipite sambamba na shingo ya kitako, zisikatike pale shingoni maana ndo panapovunjikia.

dogo_wa_bahi

Mkuu kama msimu umekaribia si uazime .375 ya mtu uingie nayo hii uitengeneze taratibu??

Afisa_Swaga

@dogo_wa_bahi hapana, leseni inamtaja mtu na silaha yake, mambo ya kuachiana bunduki mkononi bila polisi kujua yanaleta kesi. Kwa caliber uko sahihi, kwa nyati, simba na tembo kanuni zinataka isipungue .375, kwahiyo hata asije akasema ataingia na .30-06 yake.

Kaka Mwana_Itigi, na wewe nakuomba jambo moja. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka anayekarabati silaha awe na leseni ya kazi hiyo. Seremala anaweza kukuunganishia ufa au kukuchongea mbao, mpelekee kitako peke yake, mtutu na risiva na bolti vibaki kwako vimefungiwa. Kazi ya kukalisha chuma kwenye mbao ifanywe na fundi wa silaha mwenye leseni. Nimeona watu wazuri kabisa wanaingia matatizoni kwa sababu bunduki imekutwa kwenye karakana ya mtu asiyehusika, na mwenye bunduki alikuwa na karatasi zote.

Mzee_wa_Kolo

Mwanangu Itigi, usikimbilie mbao mpya. Nimefanya kazi ya silaha kwa leseni miaka mingi na ulichoandika hapo ni ugonjwa ninaoufahamu, nyufa hizo mbili zikitokea pamoja zinasema jambo moja tu: lagi haijakaa.

Ngoja nikueleze taratibu. Risasi ya kawaida ya .458 Win Mag ina uzito wa greini 500, ni kama gramu 32, na inatoka kwa kasi ya karibu mita 640 kwa sekunde. Teke lake ni kama mara tatu ya .30-06. Teke lote hilo linatakiwa lipokelewe na lagi, lile jino la chuma lililo chini ya risiva kwa mbele, uso wake wa nyuma ukisukuma ukuta wa mbao. Ule uso ukiwa umegusa mbao wote, sawasawa, kushoto na kulia, mbao inavumilia miaka na miaka. Ukigusa kona moja tu, ile kona inakandamizwa, inapondeka, chuma kinapata nafasi ya kurudi nyuma. Kikirudi hata nusu milimita mkia wa risiva unagonga mbao iliyo nyuma yake, na umbo la mkia ni jembamba, unaingia kwenye nyuzi kama kabari ya kupasulia kuni. Huo ndio ufa wako wa kwanza. Kile kiukuta cha kati ya magazini na triga nacho kinasukumwa na chuma kilichohama, kinapasuka.

Kwahiyo ukichonga mninga safi kabisa ukaweka risiva bila kurekebisha mgusano wa lagi, mninga nao utapasuka pale pale. SeremalaKizota amesema kweli kuhusu ukavu wa Dodoma, nakubaliana naye kabisa, mbao ikisinyaa skrubu inalegea na skrubu ikilegea risiva inacheza, lakini hiyo inaharakisha ugonjwa tu, chanzo ni lagi.

Kabla hujanunua gundi yoyote pima. Hakikisha bunduki haina risasi, toa bolti, fungua risiva. Washa kibatari, chukua masizi upake lagi pande zote na nyuma ya mkia, tabaka jembamba. Rudisha risiva wima kwa uangalifu, kaza skrubu, gonga kitako chini kwenye zulia mara chache kitako kikiwa kimesimama, kisha fungua tena moja kwa moja juu bila kuyumbisha. Angalia masizi yamebaki wapi kwenye mbao. Uniletee majibu.

Na swali jingine, yule mzee aliyekuuzia alikuwa anaiziroisha vipi (kurekebisha shabaha ilenge sawa), anapiga akiwa ameshikilia begani au ameiegemeza?

Mwana_Itigi

Shikamoo mzee, ahsante sana kwa muda wako. Nimefanya kama ulivyosema. Nyuma ya lagi masizi yamegusa kona ya kushoto tu, eneo dogo kuliko kucha ya kidole kidogo, na mbao hapo inang'aa imebonyea. Nyuma ya mkia sasa, masizi yamejaa tii, yaani mkia umekaa umegandamiza mbao kabisa.

Kuhusu kuziroisha, mzee alikuwa anaweka kiroba cha mchanga nyuma ya kitako kimeegemea gogo, ili teke lisimfikie begani, alikuwa na tatizo la bega.

Mzee_wa_Kolo

Marahaba mwanangu. Hapo tumepata kila kitu. Nampa pole kwa bega lake, ila kile kiroba kimeumiza mbao sana. Ukipiga ukiwa umesimama mwili wako unarudi nyuma na bunduki, teke linatawanyika kwenye muda mrefu zaidi. Ukiziba kitako kwa mchanga ulioegemea gogo, kitako hakina pa kwenda, chuma kinataka kurudi na mbao imezuiwa, nguvu yote inaishia kwenye lagi na shingo. Vitako vingi vya .375 kwenda juu vinavunjika mezani kwenye kuziroisha kuliko porini. Wewe ziroisha umesimama, weka mkono wa mbele juu ya mto laini kwenye meza ya kusimamia, piga risasi chache pumzika.

Sasa kazi yenyewe, umwambie fundi wako au usome ujue anachofanya.

Kwanza mafuta. Bunduki nyingi zinahifadhiwa mtutu ukiwa juu, mafuta ya kusafishia yanashuka miaka yote yanaingia kwenye mbao pale pale nyuma ya risiva. Mbao iliyolowa mafuta haishiki gundi, utamwaga epoksi ya bei kubwa na itabanduka. Safisha kwa asitoni, rudia rudia, na sehemu iliyo nyeusi sana paka uji wa unga wa chaki na asitoni, ukikauka unavuta mafuta juu, unaufuta unapaka mwingine mpaka unga ubaki mweupe. Fanyia nje penye hewa, pasiwe na jiko la mkaa wala sigara karibu, mvuke wa asitoni unashika moto haraka sana.

Pili nyufa. Ufungue ufa kidogo kwa kukunja taratibu, usilazimishe, weka epoksi nyepesi isiyo na chuma ndani, ivutwe iingie mpaka itokee upande wa pili, alafu ufunge kwa tyubu ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu, inabana vizuri na haiachi alama. Kile kiukuta cha kati kiwekewe skrubu ya shaba inayopita kutoka upande mmoja wa kitako mpaka mwingine, imezamishwa kwenye epoksi, na kama kitako hakina bolti ya kukingama nyuma ya lagi basi iwekwe. Bunduki ya nguvu hiyo inahitaji mbili, moja nyuma ya lagi, moja kwenye kile kiukuta.

Tatu ndo bedi yenyewe. Fundi achonge mbao nyuma ya lagi na chini ya pete ya risiva (sehemu ya mbele inaposhikana na mtutu), kina cha milimita 2 mpaka 3, aache vijisehemu vidogo vya mbao ya asili visimamie urefu, risiva isije ikakaa chini kuliko zamani. Lagi inafungwa tepu mbele, pembeni na chini, nyuma haifungwi, chuma kitupu, maana nyuma ndipo tunapotaka igandamane. Ile tepu inaacha nafasi ndogo ili ukija kufungua bunduki itoke bila kuvunja bedi, na ili teke lisukume sehemu moja tu.

GundiNaChuma

Wakuu naongezea hapo kwenye gundi maana ndo kazi yangu, natengeneza pampu na mashine hapa Dodoma. Mkuu Itigi usinunue ile ya dakika tano, inakauka kabla hujamaliza kupanga na nguvu yake ni ndogo. Usitumie puti ya magari pia, inasinyaa ikikauka na inapasuka kwa kugongwa, watu wanaipenda kwa sababu ni rahisi kusagika ila kwenye teke la .458 haitadumu. Tafuta epoksi ya kukauka taratibu yenye unga wa chuma ndani, kama Devcon ya chuma, au kama fundi anaagiza vitu vya bunduki kuna Acraglas ya Brownells imetengenezwa kwa kazi hii hii.

Changanya kwa kipimo, usikadirie kwa macho, gundi zinatofautiana, nyingine moja kwa moja nyingine nne kwa moja, soma kopo. Ukizidisha kigumu ukidhani itakuwa ngumu zaidi unapata kitu chenye sehemu laini ambazo hazitakauka maisha. Tumia mizani ndogo ya dhahabu kama kopo limeandika kipimo cha uzito.

Alafu hali ya hewa jamani, hii watu wanaisahau. Joto likipanda kama nyuzi 10 muda wa kufanya kazi na epoksi unapungua kama nusu. Novemba saa nane mchana hapa Dom utachanganya na itagandia kwenye kopo. Juni na Julai asubuhi na mapema kuna baridi, gundi inakuwa nzito haitiririki na inachelewa kukauka. Fanya saa nne asubuhi ndani ya chumba, kopo likae chumbani tangu jana yake, na baada ya hapo usiguse kwa saa 24, ikiwezekana zaidi. Na vumbi! Funga dirisha, upepo wa huku unabeba mchanga mpaka ndani ya kabati.

SeremalaKizota

Nimekuelewa mzee Kolo na nimejifunza, nakubali mbao mpya isubiri. Ila nauliza, epoksi ikigusa ile risiva si itashikana na chuma moja kwa moja? Kuna jamaa alileta kitako hapa kwangu risiva imeng'ang'ania, akataka nipasue mbao, nikamwambia arudi nacho kwa aliyefanya na asiniletee tena bunduki karakanani.

Mzee_wa_Kolo

Ulifanya vizuri kumrudisha. Inashikana, na hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Kuna mambo mawili, kupaka na kuziba.

Kupaka: chuma chote kinachoweza kuguswa na gundi kipakwe nta ya kuachia. Kama hamna ya kununua, kiwi ya viatu isiyo na rangi inafanya kazi, tabaka la kwanza likauke lipigwe brashi, kisha la pili. Na skrubu zipakwe hadi kwenye nyuzi zake, watu wanapaka risiva wanasahau skrubu. Nyuma ya lagi haifungwi tepu lakini nta inapakwa, msichanganye hayo mawili.

Kuziba: kila tundu, kila mfereji, kila pembe inayoingia ndani kwenye risiva inajazwa plastisini mpaka isawazike. Triga itolewe, magazini itolewe. Epoksi ikiingia kwenye tundu ikakauka humo nta haitakusaidia, chuma kimefungwa kama kufuli. Ikitokea imeng'ang'ania kidogo, weka kwenye friza usiku mmoja, chuma na mbao havisinyai sawa, kesho yake gonga chini ya mtutu kwa nyundo ya mpira, mara nyingi inaachia.

Wakati wa kukausha skrubu zisikazwe kwa nguvu. Risiva ikalishwe kwa tyubu ya baiskeli tu, na mtutu uzungushiwe tepu karibu na ncha ya kitako ili ukae katikati ya mfereji. Ukikaza skrubu gundi ikiwa bichi risiva inapinda kidogo, bedi inakaukia kwenye ule mpindo, na kila ukikaza baadaye unakuwa unapinda chuma. Shabaha haitatulia hata ufanyeje.

Itigi, kuna jambo la mwisho la kuangalia kwenye bunduki yako. Chungulia chini ya mtutu mbele ya risiva, bunduki nyingi za nguvu hiyo zina lagi ya pili kwenye mtutu na skrubu yake. Kama ipo, nayo ipigwe bedi kwa mtindo ule ule, zote mbili zishike kwa pamoja. Ikishika moja tu nyingine inasubiri, tunarudi mwanzo.

Mwana_Itigi

Mzee ipo kweli, lagi ya pili ipo na skrubu yake, nilikuwa nadhani ni ya kushikia mtutu tu. Sasa nyuma ya mkia je, si tujaze epoksi pia ili usigonge mbao tena? Na skrubu zikazwe kiasi gani mwishoni? Nimeshaongea na fundi mwenye leseni amekubali kuifanya wiki ijayo, nataka nimpe maelekezo yaliyonyooka.

Mzee_wa_Kolo

Hapana, nyuma ya mkia usijaze. Chini ya mkia ndiyo, papigwe bedi uwe na pa kukaa, lakini nyuma yake paachwe wazi, kama milimita moja, na pembeni nusu milimita. Fundi akifunga tepu kadhaa nyuma ya mkia kabla ya kumwaga anapata nafasi hiyo bila kuchonga baadaye. Watu wanaona ule mwanya wanasema kazi mbaya haijabana, lakini mwanya huo ndio unaozuia kabari. Mkia usipogusa kitu nyuma, hauwezi kupasua.

Skrubu, kama fundi ataweka nguzo za chuma au alumini kuzunguka matundu ya skrubu, na kwa hali ya hewa ya Dodoma mimi ningeziweka bila kufikiri mara mbili, basi kaza mpaka kama Nm 7 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukazia). Nguzo zinabeba mkazo chuma kwa chuma, mbao ikisinyaa isinyae, skrubu hailegei. Bila nguzo usizidi Nm 4 au 5, utaponda mbao. Simamisha bunduki kitako chini, gonga kidogo kwenye zulia lagi irudi ikae nyuma, ndo ukaze ya mbele kwanza, kisha ya nyuma, ya mtutu mwisho na kwa nguvu ndogo kuliko zote.

Jaribu la kujua bedi imetulia: weka kidole kwenye ukingo wa kitako na mtutu kwa pamoja pale mbele, mwenzako alegeze skrubu ya mbele akaze tena. Kidole kikisikia mtutu unapanda na kushuka, risiva bado inapindwa. Usiposikia kitu, imekaa.

Kisha nenda kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, piga chache, fungua tena uangalie nyuma ya mkia. Mwanya ukiwa bado upo na uso wa bedi nyuma ya lagi haujachubuka, funga, kaza, na hesabu za shabaha anza upya maana risiva imekaa mahali papya, ziro ya zamani haipo tena. Na nyumbani ihifadhi kwenye sefu mtutu ukiwa umetazama chini, umewekewa kitambaa, mafuta yasishuke tena kwenye mbao.

Mwana_Itigi

Ahsante sana mzee, ahsanteni wote. Naprinti hii yote nampelekea fundi Jumatatu, na kuhusu nguzo nitamwambia aweke kwenye skrubu zote tatu. Au ile ya mtutu haihitaji?

Mzee_wa_Kolo

Mbili zinatosha mwanangu, ya mbele na ya nyuma. Ile ya mtutu haibebi mkazo mkubwa, bedi nzuri nyuma ya lagi yake inatosha.